Mstari wa Namba Ulioishia Vyooni

Tanga, Jumamosi, 17 Agosti 2024. Mwaka huu nimetimiza miaka hamsini na mitatu tangu niondoke Kahama, na barua za wasomaji zinazotoka upande ule bado huwa nazifungua kabla ya nyingine. Hii imetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi isiyo mbali na Isaka. Ameomba nifiche jina lake, nami nimelificha, na majina ya wengine nimeyabadilisha, ingawa sidhani kama kijijini kwao kuna atakayepata shida ya kubahatisha. Shule zenye mstari wa chokaa kutoka barabarani hadi vyooni si nyingi.

Mzee Fazal

*

Mzee Fazal, shikamoo.

Naandika nikiwa peke yangu ofisini, wenzangu wamekwenda kunywa chai, na nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana hapa nilipo kila mtu ananigombeza na hakuna aliyenisikiliza.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa darasa la sita, kwetu ni Ushirombo, nimezaliwa na kukulia pale pale misheni, baba Msumbwa na mama Msumbwa, Kisukuma nakisikia lakini si kile cha ndani, na hilo nalisema mapema kwa sababu nadhani balaa lote lilianzia hapo. Kila mwaka tukifika kwenye namba hasi darasa langu linakufa, nachora mstari ubaoni, naeleza, nauliza mmeelewa, wanaitikia ndiyo kwa sauti moja, nikiwapa zoezi nakuta hawakuelewa hata kidogo, hasa pale pa kutoa namba hasi, mtoto akiona alama mbili za kutoa zimefuatana anadhani mimi ndiye niliyekosea kuandika. Basi mwaka huu nikasema hapana, nikakumbuka semina tuliyofanyiwa ambapo tuliambiwa kwamba mtoto akilitembea jibu kwa miguu yake halimtoki, nikachukua chokaa nikachora mstari wa namba uwanjani, sifuri nikaiweka kwenye mlingoti wa bendera, chanya zikaelekea barabarani na hasi zikaelekea upande wa pili, na upande wa pili, Mzee wangu, ndiko vilipo vyoo, lakini naapa sikufikiria vyoo, nilifikiria nafasi.

Nikawapa kanuni: alama ya namba inakuambia uelekeze uso wapi, ukijumlisha unakwenda mbele, ukitoa unarudi kinyumenyume. Kwa hiyo anayesimama kwenye tatu akaambiwa atoe hasi mbili anageuza uso kuelekea hasi, anarudi kinyumenyume hatua mbili, anajikuta kwenye tano. Ilikuwa raha, waligongana, walicheka, wakabishana wenyewe kwa wenyewe bila mimi kusema neno, na binti mmoja, nimwite Vaileth, ambaye tangu darasa la nne hajawahi kunyoosha kidole, siku ile alisimama kwenye tano akatazama miguu yake, akasema, "Mwalimu, kumbe nikinyang'anywa hasi nakuwa tajiri." Mzee Fazal, nimefundisha kwa miaka, lakini siku hiyo nilikwenda nyumbani nikashindwa kula kwa furaha.

Nikanogewa, na kunogewa ndiko kulikoniponza. Kesho yake nikasema tuongeze nyimbo, darasa ligawanyike mistari miwili, mmoja wa chanya na mmoja wa hasi, kila mstari uchague wimbo wake na mtindo wake wa kukanyaga, na sikuwachagulia mimi, walichagua wenyewe, tena nilishangaa hawakugombana, kila mtoto alijua mara moja aende wapi kana kwamba walishapangwa. Kumbe walishapangwa tangu kabla ya kuzaliwa. Wale wa nyumba za Wagalu walikaa pamoja na nyimbo za Wagalu, wale wa nyumba za Wagika wakakaa pamoja na za kwao, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma ambavyo huku vimeshindana tangu enzi za mababu zao, na mimi mtoto wa misheni nikasimama katikati nikipiga makofi, nikiwaelekeza Wagalu barabarani na Wagika vyooni.

Jioni ile Vaileth akaenda nyumbani akamwambia babu yake kwa majivuno, "Babu, mimi ni hasi." Babu yake, nimwite Mzee Mabula, ndiye manju wa Wagika, ndiye anayetunga nyimbo zao na kuwaongoza uwanjani, na tena ni mjumbe wa kamati ya shule. Asubuhi nilimkuta mlangoni.

"Ng'walimu, nani aliyekuambia kwamba sisi ni hasi?"

Nikamwambia, "Baba, hasi ni namba tu, haina ubaya."

"Namba gani hiyo inayokaa chooni?"

Tangu siku hiyo Vaileth amekatazwa kusogeza mguu kwenye mstari wangu, anasimama pale kama amemiminiwa saruji, na mkono haunyooshi tena.

Nikadhani nikiwabadilisha mambo yatakaa sawa, nikawapeleka Wagalu kwenye hasi na Wagika kwenye chanya, nikawa nimewakasirisha na wale wengine. Halafu likaja kubwa zaidi, watoto wenyewe wakagoma kurudi kinyumenyume. Nikimwambia mmoja atoe, ananijibu, "Mwalimu, nirudi nyuma Wagika wakinitazama? Nyumbani nitalala wapi?" Na wa upande wa pili vilevile. Wanajumlisha tu. Darasa zima limekataa kutoa.

Na kama hiyo haitoshi, katekista wetu, Enock, mtu mzuri sana ambaye binti yake yumo darasani, amekwenda kwa Mwalimu Mkuu kusema kwamba leo nawachezesha, kesho nitawachanja dawa ya ngoma. Kwa hiyo upande mmoja unanilaumu kwamba nimeidharau ngoma, na upande mwingine unanilaumu kwamba nimeileta. Mwalimu Mkuu, Mama Paskalina, hakupiga kelele, alinipa boksi la chaki tu akasema, "Rudi ubaoni, Mwalimu. Ubao haujawahi kumtukana mtu." Mwisho wa mwezi kuna mkutano wa wazazi, na amenieleza wazi kwamba kelele zikiendelea hadi siku hiyo, darasa la sita atampa mwingine.

Kaka yangu Ansgar yuko Buseresere, anasema shule za kule zinalilia mwalimu wa hisabati, niandike barua ya uhamisho nikapumzike, kule hakuna atakayeniuliza wimbo ni wa nani. Nimekaa na karatasi mbele yangu. Lakini nikimtazama yule binti alivyosimama pale kama nguzo, kalamu inakataa. Mzee Fazal, nirudi ubaoni nikae kimya, au nihame, au kuna njia ambayo siioni?

Mimi mwalimu, jirani na Isaka.

*

Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa umeniruhusu nikugombeze, tuanze na hilo tulimalize.

Kuwatembeza watoto kwenye mstari si kosa. Nimefundisha hisabati hapa Tanga mpaka nikastaafu, na ningekuwa na akili yako nikiwa kijana, wanafunzi wangu wengi wasingekuwa hadi leo wananikwepa sokoni. Kosa lako ni dogo, ila lina kelele. Uliona watoto wa darasa la sita wanajigawa wenyewe bila kusukumana, ukafurahi. Watoto hao hao hawawezi kupanga foleni ya uji bila mmoja kulia. Pale pale ungesimamisha somo ukauliza: nyimbo hizi zimetoka nyumba gani? Hukuuliza. Ukachukua vitu vya watu, ukavipaka chokaa, ukavipeleka chooni. Na ulipoona umeharibu ukawapeleka wengine, ili aibu igawanywe sawasawa. Hesabu yako ilikuwa safi. Busara yako ilikuwa likizo.

Sasa nikueleze kitu ambacho misheni hawakukueleza. Mimi nilizaliwa nyuma ya duka la nguo pale Kahama. Pamba ikishavunwa na kuuzwa, Wagika na Wagalu walikuja mjini kushindana, na sisi watoto wa madukani tulipanda juu ya magunia kutazama. Pande zote mbili zinacheza wakati mmoja, mahali pamoja, kila mmoja na manju wake. Hapakuwa na mwamuzi wala kikombe. Aliyeshinda ni yule ambaye watu wamemiminika kwake. Kwa hiyo ukipiga hatua moja nyuma, hiyo hatua haibaki kuwa hatua. Watazamaji wanaiona, wanahama, na umekwisha. Baba yangu aliwauzia njuga pande zote mbili, na kila mwaka walimbana: "Mwenye duka, leo utuambie, wewe ni Mgika au Mgalu?" Naye akawajibu, "Mimi ni wa kaunta." Mama yangu, Anar, alikuwa na upande wake, lakini hakuutaja mpaka tulipokuwa tumehamia Tanga, na hata huku alinong'ona.

Kwa hiyo yule mtoto aliyekuuliza atalala wapi hakuwa mkaidi. Ulimpa wimbo wa babu yake, ukamweka mbele ya wapinzani wa babu yake, kisha ukamwamuru ashindwe. Angekutii ningemshangaa.

Lakini nakupongeza pia, maana umeona jambo ambalo walimu wengi hatukuliona: watoto wako wanajua kuhesabu kwa miguu kabla hujawafundisha. Anayecheza ngoma bila kukosea anahesabu, hata kama hajawahi kuambiwa kwamba anahesabu. Shida ni kwamba ulichukua ngoma ukaifanyia kazi isiyo yake. Ngoma ile haijui kurudi nyuma. Tafuta kitu kinachojua.

Nacho unacho hapo nje. Unafundisha jirani na Isaka, mwanangu, mahali ambapo malori hulala na kuamka. Watoto wako wamekua wakiyatazama yakirudi rivasi kuingia bandari kavu. Lori limeelekeza pua upande wa Tinde, lakini linasogea upande wa Kahama, na hakuna aliyewahi kulicheka wala kusema limeshindwa. Futa mstari wako wa zamani. Chora mwingine, sambamba na barabara, mbali na vyoo, nakusihi, mbali kabisa. Kila mtoto awe dereva, ashike usukani wa hewani, na mwenzake awe utingo nyuma yake wa kumwelekeza: rudi, rudi, rudi, hapo hapo. Akiambiwa atoe hasi mbili anageuza pua kuelekea hasi, anaingiza rivasi, utingo anapiga bodi, jibu linapatikana. Watapiga honi. Wavumilie. Na hakuna tena mstari wa watoto wa hasi. Hasi ni upande mmoja tu wa safari. Kila mtoto anapita kote, wajukuu wa Wagika na wa Wagalu na binti wa katekista.

Nyimbo nazo usizitupe. Zipe kazi inayozifaa. Si mnafundisha kigawe kidogo cha shirika? Najua mnakifundisha, na najua hakuna anayekipenda. Basi mweke mtu apige ngoma mapigo yaliyo sawa, asitie mbwembwe. Wagalu wakanyage kila pigo la tatu, Wagika kila pigo la nne. Mwanzoni kila upande utakanyaga peke yake na watafikiri wanashindana, na watajitahidi kweli. Likifika pigo la kumi na mbili, miguu yote itatua pamoja na vumbi litapanda. Hakuna aliyerudi nyuma, hakuna aliyeshindwa, na hakuna mtazamaji atakayejua ahamie upande gani. Waache wastuke. Kisha waulize kwa nini imekuwa kumi na mbili, na unyamaze. Ukiwajibia utakuwa umewaibia. Siku ya pili badilisha namba, na waliokanyaga mara nyingi wakanyage mara chache, ili asiwepo wa kudai kwamba upande wake ndio wenye nguvu.

Ila usifanye lolote kati ya hayo kabla hujabisha hodi. Nenda kwa Mzee Mabula asubuhi, kwa miguu, bila kitabu cha kiada mkononi. Mwamkie kwa Kisukuma, "mwangaluka", hata kama utaitamka kama Msumbwa, atacheka, na mtu akishacheka hawezi kukugombeza vizuri. Usimweleze namba hasi. Amekwisha kuzichukia, na hazitapendeza zaidi kwa kuelezwa. Sema hivi: baba, nimetumia nyimbo zenu bila kuomba, nimekuja kuomba. Halafu siku hiyo hiyo nenda kwa manju wa Wagalu ukaseme maneno yale yale. Usilale katikati. Ukilala, habari itakutangulia, na yule wa pili atajiona ameletewa makombo.

Kuhusu Vaileth, sikiliza vizuri, maana huyu ndiye aliyekuzuia kalamu na ndiye anayenizuia mimi pia kukwambia uhame. Usimbembeleze mbele ya wenzake na usimlazimishe kusogea. Aliyemfunga mguu ni babu yake, na ni yeye tu anayeweza kumfungua. Ukiwa pale kwake, ukishaomba radhi na mkishakunywa alichokupa, mwambie kwamba mjukuu wake ndiye wa kwanza darasani kuona kwamba kunyang'anywa hasi ni kutajirika, tena aliliona mwenyewe, hukumwambia wewe. Mwambie kwa maneno yale yale aliyoyasema mtoto. Mzee huyu ni mtunzi. Sentensi nzuri akiisikia anaijua, hata ikitoka kwenye hisabati. Kisha mwombe aje apige ngoma siku ya kigawe, na manju wa Wagalu aje naye apokezane. Wakikataa kukaa benchi moja, leta mabenchi mawili. Na siku hiyo Vaileth akipita mbele ya babu yake akiwa dereva, akitaka kurudi rivasi, ataangalia kwanza uso wa mzee. Usimwangalie wewe. Waachie wenyewe.

Katekista Enock usimwogope. Ana haki ya kuuliza, maana ni kweli ngoma hizo zina dawa zake za kuvuta watazamaji, na wewe ulizileta shuleni bila kumwambia mzazi yeyote. Mjibu waziwazi: hakuna dawa, hakuna chale, kuna miguu na namba, na mlango uko wazi. Kisha mwombe ngoma ya kanisani. Jumapili kwaya yake inaingia ikiyumba kulia na kushoto kwa mapigo, na sijawahi kusikia kwamba aliikataza. Ngoma ikitoka kanisani na wapigaji wakitoka kwa Wagika na Wagalu, atakayelalamika itabidi kwanza achague amlalamikie nani.

Na Mwalimu Mkuu wako, Mama Paskalina, yeye amesema kweli nusu. Ubao haukumtukana mtu. Lakini ubao huo huo ulimfanya Vaileth akae kimya tangu darasa la nne, na hilo hakuna mzazi aliyekuja kulilalamikia, kwa sababu ukimya hausikiki barabarani. Mwambie hivyo, kwa adabu, kabla ya mkutano na si ndani ya mkutano. Mwombe darasa la sita liwaonyeshe wazazi kigawe uwanjani badala ya wewe kusimama kujitetea. Hotuba yako wazazi wataikatiza. Vishindo vya watoto wao hawatavikatiza.

Sasa Buseresere. Kaka yako Ansgar anakupenda lakini ramani yake ina upungufu. Wasukuma wamejaa Buseresere, wamejaa Geita yote, wamefuata mashamba na dhahabu na wamekwenda na ngoma zao begani. Utachora mstari wako kule, watoto watajigawa vizuri sana bila kugombana, na baada ya siku chache utamkuta babu mwingine mlangoni, huyu hata jina lake hulijui. Hapo ulipo angalau unamjua anayekukasirikia, anakuita ng'walimu, na mjukuu wake alishafikia tano. Karatasi uliyoiweka mbele yako igeuze, upange upande wa nyuma zoezi la madereva.

Baki. Mtu akihama kwa sababu ya kelele hujiambia atarudi zikitulia, na anaamini hivyo kwa muda mrefu. Za kwetu, zilizotuhamisha Kahama, zilitulia zamani. Duka limekuwa la simu, magunia hayapo, na walionifundisha kuhesabu kwa Kisukuma, imo, ibili, idatu, wamekwisha kufa. Nimeshalipima jambo hili kwa utulivu, bila huzuni nyingi. Mimi Kahama sitarudi.